Kuongeza RAM kwenye laptopu isiyo na kadi ya picha: mwongozo kamili kwa wacheza gemu

"Nimeongeza RAM, mbona gemu bado inakwama?" Swali hili halikomi, na nikifuatilia undani wake nakuta karibu kila mara moja kati ya mambo matatu. Muulizaji ametoa kijiti cha GB 8 (kile kipande cha RAM kinachochomekwa kwenye bodi) akaweka kimoja cha GB 16. Au amenunua RAM ambayo mashine yake haiipokei. Au tatizo la laptopu yake lilikuwa kwingine kabisa tangu mwanzo.

Kwa hiyo hapa tunaanza kwa kupima, tunakagua, halafu ndipo tunanunua. Usiruke hatua, hata kama mikono inakuwasha kufungua mashine.

Jibu lenyewe ni hili: RAM huongeza kasi ya gemu kwenye laptopu inayotumia chipu ya picha iliyo ndani ya prosesa, mradi RAM hiyo mpya ifungue chaneli ya pili, yaani njia ya pili ya data kati ya RAM na prosesa, au iondoe uhaba uliokuwepo. Kama haifanyi lolote kati ya hayo, utaona tarakimu kubwa zaidi kwenye skrini na gemu ileile.

## Utakavyohitaji

- Bisibisi ndogo yenye ncha ya msalaba. Baadhi ya laptopu hutumia skrubu za Torx, mara nyingi T5, kwa hiyo zitazame kabla ya kuanza.
- Kipande chembamba cha plastiki cha kubandulia kifuniko. Kadi ya plastiki isiyotumika tena inatosha. Usitumie kisu wala bisibisi bapa.
- Simu ya kupigia picha kila hatua unapofungua.
- Flashi ya USB unayoweza kuifuta yote.
- Programu ya CPU-Z, ambayo ni ya bure na huonyesha taarifa za prosesa na RAM.
- Gemu moja unayoicheza sana, hasa yenye kipimo chake cha ndani cha utendaji.
- Karatasi na kalamu.

RAM yenyewe haimo kwenye orodha kwa makusudi. Utaijua ukifika hatua ya 4.

## Kwa nini chaneli inashinda GB

Kadi ya picha inayojitegemea huja na kumbukumbu yake ya kasi. GeForce GTX 1650 ya GDDR5, ambayo ni kadi ya daraja la chini, hupitisha GB 128 kwa sekunde. Chipu ya picha iliyo ndani ya prosesa haina kitu kama hicho. Inakopa RAM ya mfumo, tena inaigombania na prosesa yenyewe.

Sasa piga hesabu. Kijiti kimoja cha DDR4-3200 (DDR4 ni kizazi cha RAM, 3200 ni kasi yake) hufanya uhamisho milioni 3,200 kwa sekunde, na kila uhamisho hubeba baiti 8. Hiyo ni GB 25.6 kwa sekunde. Ukiweka vijiti viwili kwenye chaneli mbili, unapata GB 51.2. Kwa DDR5-4800 ni GB 38.4 kwa kimoja na 76.8 kwa viwili.

Hapo ndipo penye siri yote. Kisima kikubwa hakikufanyi uchote haraka. Unachohitaji ni ndoo ya pili. GB 16 kwenye kijiti kimoja ni kisima kikubwa chenye ndoo moja, ndiyo maana aliyetoa GB 8 akaweka kijiti kimoja cha GB 16 hakuona mabadiliko aliyoyatarajia.

## Hatua ya 1: Pima kabla hujagusa chochote

Chomeka chaja. Laptopu nyingi hupunguza nguvu ya prosesa zinapotumia betri, na kipimo cha betri hakilinganishiki na kipimo cha umeme wa ukutani. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows chagua utendaji wa juu kabisa. Funga kivinjari na kila kinachojifungua chenyewe.

Cheza sehemu ileile ya gemu, kwa mipangilio ileile ya picha, mara tatu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na G ili kuona fremu kwa sekunde. Ukitaka kuona pia zile sekunde mbaya ambazo picha hukatika, CapFrameX ya bure itakuonyesha wastani wa fremu na viwango vya chini kabisa. Andika vyote viwili. Viwango vya chini ndivyo vinavyoonyesha mkwamo unaoudhi, na mara nyingi hupanda zaidi ya wastani pale RAM inapoongezwa.

Ukiwa bado ndani ya gemu, fungua Task Manager kwa Ctrl, Shift na Esc, kisha usome:

- RAM imejaa asilimia 90 au zaidi, na diski inahangaika. Huu ni uhaba. Windows inahamishia data kwenye diski, na gemu inakatika kila inapoirudisha. RAM itasaidia.
- Chipu ya picha iko asilimia 95 na kuendelea, RAM ina nafasi. Chipu ya picha imefika mwisho wa uwezo wake. Chaneli ya pili itasaidia, ikiwa hunayo.
- Chipu ya picha haijabanwa, lakini kiini kimoja au viwili vya prosesa vimefika ukomo. Usitarajie makubwa kutoka kwenye RAM.
- Gemu inaanza vizuri, baada ya dakika kumi inashuka. Hilo ni joto. Safisha feni na matundu ya hewa kwanza, kisha upime upya.

Hatua hii imefaulu ukiwa na namba kwenye karatasi. Bila hizo hutajua kama ulichonunua kimefanya kazi au ni hamu yako tu inayokudanganya.

## Hatua ya 2: Kagua kilichomo ndani

Kwenye Task Manager nenda "Performance" kisha "Memory". Upande wa chini utaona kasi ya RAM, idadi ya sloti (nafasi za kuchomekea vijiti) zinazotumika, na umbo lake. Ukiona "SODIMM", hicho ni kijiti kinachochomoleka. Ukiona "Row of chips", RAM imechomelewa kwenye bodi mama.

Usiishie hapo, kwa sababu laptopu zilizochanganya RAM ya kuchomelewa na sloti mara nyingine huripoti idadi ya sloti kwa namna inayopotosha. Fungua CPU-Z, ukurasa wa "Memory", utazame mstari wa chaneli. Kwa DDR4 utaona "Single" au "Dual", au "1 x 64-bit" dhidi ya "2 x 64-bit". Kwa DDR5 maandishi huwachanganya wengi: "2 x 32-bit" ni kijiti kimoja, kwa kuwa kijiti cha DDR5 kimegawanywa ndani kuwa njia mbili nyembamba ambazo jumla yake bado ni biti 64. Chaneli mbili kamili za DDR5 huonekana kama "4 x 32-bit".

Wa Linux wanapata habari hizo kwa amri `sudo dmidecode -t memory`.

Ipo dalili nyingine inayofaa kuijua. Ikiwa laptopu yako ina Intel Core ya kizazi cha 11 hadi 13 iliyotangazwa kuwa na chipu ya picha ya Iris Xe, lakini Windows inaiita "Intel UHD Graphics", karibu hakika unatumia chaneli moja. Intel huruhusu jina la Iris Xe lijitokeze pale tu RAM inapofanya kazi kwa chaneli mbili. Ukiongeza kijiti cha pili, jina hubadilika lenyewe.

Mwisho, tafuta karatasi ya vipimo ya modeli yako kamili kwenye tovuti ya mtengenezaji. Namba ya modeli ipo chini ya laptopu. Unatafuta mambo matatu: idadi ya sloti, aina ya RAM, na kiwango cha juu cha GB inachopokea.

## Hatua ya 3: Amua kama kuna sababu ya kununua

Hapa ndipo unapookoa pesa zako, kwa hiyo soma taratibu.

RAM yote imechomelewa na hakuna sloti. Acha. Ukiona LPDDR, aina ya RAM inayotumia umeme kidogo, kwenye vipimo, mara nyingi ndivyo ilivyo. Laptopu za Apple zenye chipu za M na zile za Intel Core Ultra 200V zimeunganisha kumbukumbu kwenye kifurushi kimoja na prosesa. Hakuna bisibisi itakayokusaidia.

Prosesa yenyewe ina chaneli moja. Intel N95 na N100 zimeundwa hivyo. Kuongeza RAM kutaondoa uhaba kama upo, basi.

Sloti moja tu, bila RAM ya kuchomelewa. Chaneli ya pili haipo. Unaweza kutoka GB 8 kwenda 16 kwa ajili ya kuondoa mkwamo, lakini usitarajie wastani wa fremu kupanda sana.

RAM ya kuchomelewa pamoja na sloti moja tupu. Hali nzuri. Weka kijiti chenye ukubwa sawa na kilichochomelewa.

Sloti mbili, moja tupu. Hii ndiyo hali bora kuliko zote. Ikiwa ni yako, kazi hii inalipa kuliko karibu kitu kingine chochote unachoweza kuifanyia laptopu hiyo.

Tayari una 4 na 4. Chaneli mbili unazo, ila nafasi ni finyu. Kubadilisha kuwa 8 na 8 kutatuliza mkwamo kwenye gemu nzito.

Tayari una 8 na 8. Gemu nyingi hazitanufaika na GB 32 kwenye chipu ya picha ya ndani, kwani chipu itachoka kabla RAM haijajaa. Baki na pesa zako.

Kuhusu kiasi, pendekezo langu ni GB 16 kwa jumla, yaani 8 na 8. GB 8 hazitoshi vizuri kwa mashine za aina hii. Sehemu yake hutengwa kwa ajili ya picha kabla Windows haijawaka. Zikitengwa GB 2, mfumo mzima pamoja na gemu hubaki na 6.

## Hatua ya 4: Nunua RAM inayolingana

Vizazi vya RAM haviingiliani. Kijiti cha laptopu cha DDR3 kina pini 204, cha DDR4 pini 260, cha DDR5 pini 262, na pengo la katikati ya pini liko mahali tofauti. Kijiti kikikataa kuingia, si suala la nguvu. Umenunua kizazi kisicho chako.

Kwa laptopu za zamani angalia volti pia. DDR3L hutumia volti 1.35 na DDR3 ya kawaida hutumia 1.5. Mashine iliyotengenezewa DDR3L pekee haitakubali ile ya 1.5, ingawa vinafanana kwa umbo.

Kasi: vijiti viwili vyenye kasi tofauti vitakwenda kwa mwendo wa kile cha polepole, na vyote viwili havitapita kikomo cha prosesa. Ukiwa na kijiti cha 3200 ukaongeza cha 2400, umeirudisha nyuma mashine nzima. Bado chaneli mbili za 2400, ambazo ni GB 38.4 kwa sekunde, zinaishinda chaneli moja ya 3200, lakini hakuna sababu ya kujinyima.

Jihadhari na vijiti vinavyotangazwa kwa kasi kubwa inayotegemea XMP, yaani mpangilio wa kuiendesha RAM kwa kasi inayozidi ile ya kawaida. Laptopu nyingi haziruhusu kuwasha XMP, na kijiti hicho kitashuka hadi kasi yake ya kawaida, pengine 2400. Kwa DDR4-3200 tafuta kinachofikia kasi hiyo kwa volti 1.2.

Ukubwa usiolingana, mathalani 4 na 8, hufanya kazi kwenye mashine nyingi. GB 4 za kila upande huenda kwa chaneli mbili, na GB 4 zilizobaki huenda kwa moja. Ni afadhali kuliko kijiti kimoja, ila 8 na 8 hutoa matokeo yanayotabirika.

Jambo dogo kwa wanaopenda kuchimba: kwenye lebo ya DDR4 utaona alama kama 1Rx8 au 1Rx16. Bei ikiwa sawa, chukua 1Rx8. Chipu za x16 zina makundi machache ya ndani ya kuhudumia maombi kwa wakati mmoja, na kwenye gemu tofauti hiyo huonekana kidogo.

## Hatua ya 5: Fungua na upachike

Kwanza soma masharti ya dhamana ya laptopu yako. Kisha zima mashine huku umeshikilia Shift unapobonyeza kuzima, ili Windows izime kabisa badala ya kulala nusu. Chomoa chaja na kila kilichochomekwa.

1. Fungua skrubu zote. Baadhi hujificha chini ya miguu ya mpira au vibandiko. Zipange kwenye karatasi kwa mpangilio wa mahali zilipotoka, maana urefu wake hutofautiana na skrubu ndefu mahali pa fupi inaweza kutoboa bodi.

2. Bandua kifuniko taratibu kwa plastiki, ukizunguka ukingo. Kikigoma mahali, kuna skrubu umeisahau. Usikinyanyue kwa ghafla, kwani huenda kuna waya uliokiunganisha na bodi.

3. Tenganisha betri. Vuta kiunganishi chenyewe, usivute nyaya. Kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 hivi ili kumaliza umeme uliobaki. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayolinda bodi yako. Kuchomeka RAM kwenye bodi yenye umeme kunaweza kuiua.

4. Gusa chuma tupu kisichopakwa rangi ili kuondoa umeme tuli mwilini. Shika kijiti kwa kingo zake, usiguse pini za dhahabu.

5. Ingiza kijiti kwa mlalo wa nyuzi 30 hivi, pengo likiwa limelingana na jino la sloti. Sukuma hadi pini za dhahabu zikaribie kutoweka zote.

6. Kandamiza chini mpaka vishikizo viwili vya pembeni vibane kwa mlio. Kikirudi juu, hakijaingia vya kutosha. Kitoe uanze tena.

Rudisha betri, weka kifuniko, kaza skrubu mbili tatu tu. Usimalize kufunga mpaka uhakikishe inawaka.

## Hatua ya 6: Washa na uhakikishe

Skrini inaweza kubaki nyeusi kwa muda. Mashine inaifundisha RAM mpya kufanya kazi, na kwa DDR5 hilo huweza kuchukua dakika kadhaa. Usiizime kwa hofu. Huenda ukaona pia ujumbe kwamba kiasi cha kumbukumbu kimebadilika, kubali uendelee.

Rudi Task Manager na CPU-Z. Umefaulu ukiona jumla sahihi ya GB, kasi uliyoitarajia, na chaneli mbili.

Sasa jaribu afya ya RAM. Weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, washa laptopu kutokea hapo, uiache ikamilishe angalau mzunguko mmoja mzima. Inachukua saa kadhaa, iache usiku. Kosa moja tu linatosha kukirudisha kijiti dukani. RAM mbovu haisababishi gemu kuanguka pekee. Huharibu mafaili yako kimyakimya, nayo ndiyo hasara kubwa zaidi.

## Hatua ya 7: Kumbukumbu ya picha kwenye BIOS

BIOS ni mipangilio ya msingi ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Humo baadhi ya laptopu, hasa za AMD, zina kipengele cha kupanga kiasi cha RAM kitakachotengwa kwa picha, mara nyingi kwa jina la "UMA Frame Buffer Size". Nyingi hazina, na hilo lisikusumbue.

Kipengele hiki hakiongezi kasi ya kumbukumbu, kwa kuwa RAM ni ileile. Windows tayari huruhusu chipu ya picha ikope hadi nusu ya RAM ya mfumo inapohitaji. Kazi yake halisi ni kuziridhisha gemu zinazokataa kuwaka zikiona kumbukumbu ya picha ni ndogo. Ukikutana na gemu ya namna hiyo, weka GB 2. Vinginevyo acha kwenye "Auto".

## Hatua ya 8: Pima tena

Sehemu ileile, mipangilio ileile, chaja imechomekwa, mara tatu.

Ukiwa umetoka chaneli moja kwenda mbili na gemu yako ilikuwa inabanwa na chipu ya picha, ongezeko la theluthi moja au zaidi ni jambo la kawaida: kutoka fremu 30 hadi 40, kwa mfano. Gemu inayobanwa na prosesa itapanda kidogo. Aliyeondoa uhaba tu ataona wastani uleule takriban, lakini viwango vya chini vitapanda na ule mkwamo wa ghafla utapungua.

Usiishie hapo. Shusha resolusheni kutoka 1920 x 1080 hadi 1280 x 720: chipu inachora pikseli 921,600 badala ya 2,073,600, chini ya nusu ya kazi. Kama gemu ina FSR, teknolojia ya AMD inayochora picha ndogo kisha kuikuza, ijaribu. Matoleo ya FSR 1 hadi 3 hufanya kazi kwenye chipu za Intel pia. RAM mpya pamoja na mipangilio hii ndivyo vinavyoifanya gemu isiyochezeka ichezeke.

## Mambo yakienda kombo

Haiwaki kabisa. Tenganisha betri tena, toa vijiti vyote viwili, uviingize upya kwa uthabiti. Kisha jaribu kimoja kimoja, kila kimoja kwenye kila sloti. Utajua kama tatizo ni kijiti au sloti.

Kasi imeshuka kuliko awali. Kijiti kipya ni cha polepole kuliko cha zamani, au kinategemea XMP. Soma kasi zake kwenye ukurasa wa "SPD" wa CPU-Z.

Windows inaona GB 3 na kitu tu. Una Windows ya biti 32, ambayo haitumii zaidi ya GB 4. Sakinisha ya biti 64.

Bado inaonyesha chaneli moja. Kwenye laptopu zenye sloti nne, sloti mbili huweza kuwa za chaneli moja. Fuata mchoro wa mwongozo wa mtengenezaji uhamishe kijiti.

Gemu inaanguka au skrini ya bluu inatokea. Rudia MemTest86 kwa kijiti kimoja kimoja. Vyote vikipita peke yake lakini vikashindwa pamoja, havipatani. Badilisha kipya kwa kingine chenye vipimo sawa na cha zamani.

Chaneli mbili zipo, RAM ni nzima, na fremu hazijasogea. Fungua Task Manager ndani ya gemu usome tena ile orodha ya hatua ya 1. Ukikuta kasi ya prosesa inashuka kadiri unavyocheza, RAM imeshamaliza kazi yake. Kilichobaki ni feni, vumbi, na gundi ya joto iliyokauka juu ya prosesa.